Mtoto Aliyepakatwa na Emma

Mama mkubwa hasomi tena. Mtoto wa jicho ameshamchukulia jicho la kushoto, na la kulia analitunzia kitabu cha nyimbo za kanisani. Kwa hiyo kila nikipanda Lushoto kumwona ninakuwa na kazi mbili: kuchambua maharage na kusimulia hadithi. Ungo unakaa katikati yetu, vijiwe tunawatupia kuku, nami nazungumza mpaka giza linatuingiza ndani.

Hadithi zenyewe zilitoka mbali. Miaka kadhaa iliyopita binti wa mjomba anayeishi Minnesota alinitumia katoni zima la vitabu vilivyokuwa vinagawiwa kanisani kwake: riwaya za mapenzi za Kikristo, za zama za kale, na nyingi zilitokea Yellowstone au kwenye misitu inayofanana nayo. Nilizisoma zote. Nilizisoma kwenye daladala, kwenye foleni ya benki, na usiku nikiwa nimejifunika shuka kichwani, tochi ya simu mdomoni. Wasomi ninaowaheshimu wanasema riwaya za namna hii ni peremende. Mimi zilinishika mkono mwaka ambao hakuna kingine kilichonishika, na sitazikana mbele ya mtu yeyote.

Ukishasoma tatu unaijua njia. Binti anatoka Boston au Philadelphia na koti lisilofaa baridi, amekuja kufanya kazi hotelini au kumtafuta kaka yake. Mwanamume ni askari wa farasi, au ndiye anayeendesha gari la farasi la kuwachukua watalii kutoka stesheni. Hasemi sana. Aliwahi kuzika mtu na tangu siku hiyo haombi. Theluji inawakamata juu mlimani, wanakuta kibanda, na usiku huo sala aliyoiacha miaka mingi inamtoka kinywani bila kuiita. Kisha mchungaji, kisha harusi chini ya misonobari. Unajua itakavyokwisha tangu ukurasa wa kumi, na bado moyo unakudunda.

Waandishi wake wengi wamefanya kazi ya utafiti kwa uaminifu. Ni wao walionifundisha kwamba Yellowstone ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa tarehe 1 Machi 1872, Rais Ulysses Grant alipotia saini. Kwamba reli ya Northern Pacific iliikaribia mwaka 1883, na watalii wa tabaka la kati wakaanza kumiminika. Kwamba jeshi liliilinda kuanzia 1886, miaka 30 kabla ya kuundwa idara ya kusimamia hifadhi zote. Ukifika 1904 unaikuta ile hoteli kubwa ya magogo iliyojengwa karibu na Old Faithful, chemchemi inayorusha maji ya moto angani kila baada ya muda kama mtu anayepumua. Nimeuota moto wa sebule ile mara nyingi bila kutoka Tanzania.

Siku moja, nikiwa katikati ya harusi mojawapo, mama mkubwa aliinua kichwa akauliza, "Mwanangu, hawa walikuwepo? Au ni wa kitabuni tu?"

Nikamwambia ni wa kitabuni.

"Nitafutie waliokuwepo."

Ndivyo nilivyofika kwa Emma na George Cowan.

*

George alikuwa wakili katika mji mdogo wa Radersburg, Montana. Emma alikuwa amefika Montana akiwa mtoto, enzi ambazo familia zilikuwa zinafuata dhahabu. Walioana tarehe 24 Agosti 1875. Agosti ya 1877 wakaamua kwenda kupumzika Yellowstone, wakiwa watu tisa: wao wawili, kaka yake Emma aitwaye Frank Carpenter, mdogo wao Ida mwenye miaka 13, na marafiki watano. Hapo hifadhi ina umri wa miaka mitano tu. Chini huko kwenye chemchemi hakuna hoteli, hakuna askari, na barabara ni nyayo za farasi. Walibeba mahema, unga, sukari, gitaa la Frank na fidla ya rafiki yao Albert Oldham. Usiku wao wa mwisho pale waliuimba karibu na moto mkubwa. Moto huo ulionekana mbali.

Alfajiri ya tarehe 24, siku ndoa yao ilipotimiza miaka miwili, wapiganaji wa kabila la Nez Perce wakasimama mbele ya hema. Walikuwa wanaomba chakula. Rafiki mmoja wa akina Cowan akaanza kuwagawia unga na sukari, George akamzuia. Akawafukuza kama mtu mwenye nyumba anavyofukuza wapita njia.

Hapa mama mkubwa alisimamisha mkono juu ya ungo. "Akawanyima unga."

Akawanyima unga. Nami sijui kama mambo yangekwenda vingine angewapa. Najua tu kwamba tangu hapo nyuso zilibadilika. Ikabidi msafara wa watalii uongozane na msafara wao mzima, mamia ya watu na farasi wengi kuliko watu, ukikimbia jeshi kuelekea mashariki. Magari yao yalikwama kwenye magogo yaliyoanguka, wakayaacha. Vijana wakang'oa mbao za magurudumu wakatengenezea mipini ya viboko. Kiongozi mmoja aliyejua Kiingereza, aliyeitwa Poker Joe, aliwabadilishia farasi wao wazuri kwa waliochoka, akawaambia warudi kwao upesi. Wakageuka. Baada ya muda vijana kadhaa wakawafuata.

Risasi ya kwanza ilimpata George pajani. Akaanguka kutoka kwenye farasi. Emma akaruka chini, akamkumbatia shingoni, akamfunika kwa mwili wake. Kijana mmoja akamvuta Emma kwa nguvu, na katika ule upenyo uliopatikana kati ya miili miwili mwingine akaingiza bastola, akampiga George kichwani. Oldham alipigwa risasi ya uso. Wengine wakatokomea msituni. Ida alipiga kelele mpaka sauti ikakauka.

Frank aliona mtutu umeelekezwa kwake. Alisimulia baadaye kwamba, akiamini amekwisha, alifanya ishara ya msalaba. Aliyemlenga akashusha bunduki.

Nilipofika hapo nilinyamaza kidogo. Katika zile riwaya zangu, mahali kama hapo ndipo mwandishi anaposema Mungu aliingilia kati. Siwezi kulikataa. Lakini yule aliyeshusha bunduki aliujua msalaba. Kuna mtu, katika nchi yake, alikuwa amemwonyesha. Hilo lilinikaa kooni, nikaendelea kusimulia huku nikijua nitalirudia.

Usiku ule Emma na Frank waliwekwa karibu na moto wa Chifu Joseph, mmoja wa viongozi wa Nez Perce. Mdogo wao alikuwa kambi ya Poker Joe, nao kwa saa nyingi hawakujua kama yu hai. Emma aliandika kumbukumbu zake mwenyewe miaka mingi baadaye, zikachapishwa Montana mwaka 1903, na usiku huo ameueleza kwa macho yasiyo na chuki. Anasema Joseph alikaa kimya, mzito wa mawazo, na kwamba hajawahi kuona mtu aliyefanana na chifu kuliko yeye. Mwanamke mmoja akaja kukaa karibu, na mtoto mchanga mikononi. Frank, labda kwa kutaka kuwalainisha, akamchukua yule mtoto akamweka mapajani mwa dada yake. Emma akampakata. Akamtupia chifu jicho, akaona dalili ya tabasamu. Mama wa mtoto akafurahi, meno nje. Kisha akaona machozi. Akamuuliza Frank, kwa Kiingereza cha kuokoteza, huyu analilia nini. Frank akamwambia mumewe ameuawa leo. Yule mama akajibu kwa maneno machache sana kwamba moyo wake, basi, unaumwa.

Kesho yake baraza liliamua waachiliwe. Poker Joe akawapa akina dada farasi wawili waliochoka, Frank atembee kwa miguu, akawavusha mto wa Yellowstone na kuwahimiza waende usiku na mchana bila kulala. Walipita Mlima Washburn wakiwa na mkate kidogo, mpaka wakakutana na askari. Emma akarudi kwa wazazi wake, mjane.

Mama mkubwa alikuwa ameacha kuchambua. Ninapaswa kueleza kwamba mwaka 1979 mumewe, baba mkubwa, alikuwa Uganda na jeshi letu, na kwa miezi hakupata hata kipande cha barua. Ninapomsimulia mambo ya kungoja ninakuwa mwangalifu. Nilimuuliza kama nikomee hapo. Akasema, "Maliza."

*

George hakufa.

Risasi ya kichwani ilibapa kwenye fuvu. Alizinduka saa kadhaa baadaye, akajishika kwenye mti asimame, na mpiganaji aliyekuwa akipita akamwona, akampiga nyingine ya nyonga. Akalala kama maiti mpaka wote wakapita. Kisha akaanza kutambaa. Miguu haikuwa yake. Alijivuta kwa viwiko. Ilikuwa mwisho wa Agosti kwenye uwanda wenye mwinuko wa zaidi ya meta 2,000, na usiku wake unauma kuliko Julai ya Lushoto. Alijivuta zaidi ya kilomita 10, siku hadi siku, akirudi kwenye kambi yao ya mwisho, kwa kuwa ndipo alipojua palikuwa na chakula na ndipo alipotarajia kuona kama mkewe alizikwa. Alimkuta mbwa wao. Mbwa alikuwa amebaki pale akilinda mahema yasiyokuwepo. Alikuta viberiti na punje chache za kahawa, akazichemsha.

Maskauti wawili wa jeshi wakampata, wakamwachia mikate migumu na moto, wakaendelea na safari wakijua kikosi kikubwa kinakuja nyuma. Usiku ule moto ukaingia kwenye majani makavu yaliyooza ardhini, ukamzunguka, akatambaa kuutoka akaungua mikono na magoti. Siku iliyofuata jeshi likamkuta hai. Akapewa habari kwamba mkewe naye yu hai.

Emma alipopata habari kwamba si mjane alifunga safari kumfuata. Walikutana kwenye nyumba ya mfugaji mmoja kaskazini ya hifadhi, wakaanza kurudi pamoja, na njiani, mteremkoni, gari likapinduka, mgonjwa akatupwa nje. Walipofika Bozeman wakamlaza hotelini. Watu wakajazana kumtazama akifungwa vidonda, wakaketi ukingoni mwa kitanda, kitanda kikavunjika, George akawa sakafuni. Inasimuliwa kwamba alisema kama mmeshindwa kuniua kwa njia hizi zote, basi leteni mizinga.

Mama mkubwa alicheka mpaka akafuta jicho kwa ncha ya kanga. Alicheka kicheko cha mtu anayejua kitanda chenye mgonjwa kinavyokuwa. Baba mkubwa alirudi, na mguu wake mmoja haukuwahi kunyooka tena. Mara mbili nimemwona bibi huyu akimwegemeza kifuani kumvusha kizingiti, wote wawili wakigombana.

Ile risasi ilitolewa kichwani mwa George, akaitundika kwenye mnyororo wa saa yake. Waliishi pamoja karibu nusu karne nyingine. George alifariki 1926 na Emma 1938.

"Sasa hiyo," mama mkubwa alisema, "ndiyo ndoa."

Nikadhani tumemaliza. Nikaanza kukusanya maharage. Ndipo aliponiuliza lile swali ambalo limenifanya niandike haya yote.

"Na yule mama mwenye mtoto. Jina lake nani?"

*

Emma hakuliandika. Nilimwambia hivyo. Aliguna, akasema kama nilimpa jina la mbwa ningempa na la mama. Sikuwa nimempa jina la mbwa, lakini nilimwelewa.

Basi nikarudi mjini nikaanza kusoma upya, safari hii nikianzia upande wa moto alikokaa yule mama. Watu wake, wale Nez Perce, hujiita Nimiipuu. Nchi yao ilikuwa kwenye mabonde ya mito ya Snake na Clearwater, na kundi la Joseph lilikaa bonde la Wallowa, Oregon. Na jambo la kwanza lililonishtua ni kwamba historia yao na Injili ni ya zamani kuliko ya akina Cowan na Montana. Mwaka 1831 Nimiipuu wanne walisafiri mpaka St. Louis, maelfu ya kilomita, na katika makanisa ya Marekani ikavuma habari kwamba wamekuja kutafuta kitabu cha Mungu. Mwaka 1836 mmisionari Mpresbiteri, Henry Spalding, akafika na mkewe Eliza wakajenga misheni ya Lapwai. Mwaka 1839 wakaletewa mtambo wa kuchapa, na 1845 wakatoa Injili ya Mathayo kwa Kinez Perce. Nilipoona mwaka huo nilipiga hesabu: mwaka mmoja nyuma yake, 1844, mmisionari Johann Krapf alikuwa Mombasa akianza kukitafsiri Kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, mwaka uleule alipomzika mkewe Rosina na mtoto wao. Mathayo wao na Mwanzo wetu wamepishana kwa mwaka mmoja.

Babaye Chifu Joseph, mzee Tuekakas, alikuwa miongoni mwa wa kwanza kubatizwa na Spalding. Jina Joseph ni la ubatizo. Mwaka 1855 serikali ilifanya nao mkataba ulioacha sehemu kubwa ya nchi mikononi mwao. Mwaka 1860 dhahabu ikaonekana. Mwaka 1863 ukaletwa mkataba mwingine uliokata kama sehemu tisa katika kumi za eneo lililobaki, na waliotia saini walikuwa viongozi wa upande wa Lapwai, wengi wao Wakristo, ambao ardhi yao karibu haikuguswa. Husimuliwa kwamba Tuekakas alipopata habari alirarua Injili yake. Alikufa mwaka 1871, na mwanawe amesimulia jinsi alivyomshika mkono, akaombwa asiiuze kamwe mifupa ya baba yake, naye akaahidi kulilinda kaburi lake.

Nimekuwa nikiwaza ile Injili iliyoraruliwa. Nimekulia kwenye nyumba ambayo Biblia haiwekwi sakafuni. Ningekuwa naandika riwaya, kurasa zile ningezipa sura nzima, maana huyo hakuwa mpagani aliyekataa nuru. Alikuwa mzee wa kanisa, kwa namna yake, aliyesalitiwa na wenzake wa sala.

Mei 1877 Jenerali Oliver Otis Howard aliwapa siku 30 kuhamia kwenye eneo lililobaki, wavuke mito iliyofurika pamoja na watoto, wazee na mifugo. Howard huyu alikuwa mcha Mungu anayejulikana nchi nzima. Magazeti yalimwita jenerali Mkristo. Alipoteza mkono wa kulia vitani mwaka 1862, aliongoza ofisi ya kuwasaidia watu weusi waliotoka utumwani, na chuo kikuu chenye jina lake kule Washington kimesomesha weusi tangu 1867. Sitaki kumfanya shetani. Lakini kwenye kikao cha Lapwai mzee Toohoolhoolzote aliposema kwamba ardhi ni mama na haikatwi vipande kwa amri ya mtu, Howard alimtia ndani. Nimiipuu walikuja kumwita Jenerali Keshokutwa, kwa jinsi alivyokuwa nyuma yao siku mbili kila mara.

Kisha vita vikaanza, na tarehe 9 Agosti, kabla jua halijachomoza, askari chini ya kanali mwingine waliwavamia Nimiipuu waliolala kando ya mto, mahali paitwapo Big Hole. Walifyatua risasi chini chini ndani ya mahema. Waliokufa ni kati ya 60 na 90, na wengi walikuwa wanawake, watoto na wazee.

Tisa Agosti. Emma alikamatwa ishirini na nne. Siku kumi na tano.

Yule mama aliyeketi karibu na moto alikuwa ametoka kule. Mtoto aliyepakatwa na Emma alikuwa amepita katikati ya zile risasi akiwa mgongoni au kifuani mwa mtu. Mwanamke ambaye watu wake wameuawa wiki mbili tu zilizopita alimwona mwanamke wa upande ule mwingine akilia, akauliza analilia nini, akajibiwa, na akamhurumia. Nimesoma katoni zima la riwaya za Kikristo, na sikumbuki tendo la Kikristo kubwa kuliko hilo. Wala sijui kama alikuwa amebatizwa.

*

Niliporudi Lushoto mwezi uliofuata nilikuwa na wanandoa wengine wa kumsimulia mama mkubwa.

Nimiipuu walitoka Yellowstone wakaendelea kaskazini wakitafuta Kanada. Walitembea karibu kilomita 1,900 kwa jumla. Tarehe 30 Septemba, wakiwa kama kilomita 64 kutoka mpakani, chini ya milima ya Bear Paw, jeshi likawakuta tena asubuhi. Joseph alikuwa nje kwenye farasi pamoja na binti yake wa miaka 12. Akampa kamba, akamwambia akamate farasi akimbie na waliokwisha kutengwa na kambi. Yeye akageuza uso kuelekea hema lake, ambako mkewe na watoto walikuwa wamezingirwa. Mwenyewe alisimulia mwaka 1879 kwamba alipita katikati ya mstari wa askari bila silaha, na sala kinywani kwa Mkuu atawalaye juu. Nguo zake zilitobolewa, farasi akajeruhiwa, yeye hakuguswa. Alipofika mlangoni mkewe alikuwa amesimama na bunduki yake, akamkabidhi, akamwambia apigane.

"Mke huyo!" mama mkubwa alisema, akapiga goti kwa kiganja.

Poker Joe na mzee Toohoolhoolzote walikufa pale. Tarehe 5 Oktoba Joseph alisalimu amri kwa ahadi ya kurudishwa kwao. Wakapelekwa Kansas, kisha Oklahoma, ambako homa iliwaua hasa watoto. Walionusurika waliruhusiwa kurudi kaskazini-magharibi mwaka 1885, Joseph akiwekwa Colville mbali na Wallowa, na huko akafa 1904. Yule binti wa kamba alifika Kanada, baadaye akarudi Lapwai, akaitwa Sarah, akaolewa. Hakuonana tena na baba yake.

Kwa hiyo msitu ule, na vita ile moja, ilikuwa na wanaume wawili waliokwenda kwa wake zao: mmoja alitambaa, mmoja alipanda farasi. Frank alifanya ishara ya msalaba, Joseph aliomba kwa lugha yake, na Howard naye, naamini kabisa, alipiga goti kila jioni hemani kwake. Riwaya zangu zina mapokeo ya kusikiliza sala moja tu kati ya hizo tatu. Si kwa ubaya. Mwandishi anachagua binti mmoja na kukaa moyoni mwake. Ila nimechoshwa na ule ukurasa ambapo wenyeji wanatokea kama theluji inavyotokea, kama hatari ya kuwakutanisha wapenzi, kisha wanayeyuka. Baada ya vita, msimamizi wa hifadhi, Philetus Norris, alieneza maneno kwamba wenyeji waliziogopa chemchemi na hawakukaa Yellowstone, ili watalii wasiogope kuja. Watukudika, wawindaji wa kondoo wa milimani waliokuwa wenyeji wa pale kwa vizazi, waliondolewa. Uongo wa Norris nimeukuta katika riwaya mbili za katoni langu, umewekwa kinywani mwa mwongoza njia mzuri mwenye macho ya bluu. Sisi ambao tumeona Wamasai wakitolewa Serengeti mwaka 1959 ili pori lionekane halina watu, tunapaswa kuusikia ukurasa huo unavyokwaruza.

Ningeiandika mimi, ningeanza na unga. Mtu anaomba chakula siku ya ndoa ya mwenzake na mwenye sherehe anamnyima. Halafu ningeketi na wale wanawake wawili usiku mzima, mpaka mtoto alale, na nisingemtoa Emma pale upesi ili awahi kumkuta mumewe. George angengoja. Anajua kutambaa.

Emma na George walirudi Yellowstone mwaka 1901, watu wazima wenye mvi, wakaonyesha mahali kambi ilipokuwa na mahali risasi zilipolia. Nilimwambia mama mkubwa hivyo huku giza limeshaingia na tumebakiza maharage ya kiganja kimoja. Akahesabu kwa vidole, polepole, kuanzia sabini na saba.

"Yule mtoto," akasema, "mwaka huo alikuwa na umri wa Emma alipompakata."

Akanyamaza.

"Kama alivuka ile baridi."

Akavuta ungo karibu, akaupeperusha mara moja, akaniambia niinjike sufuria.